Mgongo wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Mambo haya si ya zamani za kale. Ni ya mwaka juzi tu, na wote waliokuwamo wangali hai isipokuwa jogoo wangu, ambaye habari zake nitazieleza. Nchi yenyewe siitaji, maana kuitaja nje ya saa za kazi kunahitaji kibali, na miguu yangu haifiki tena kwenye ofisi ya vibali. Ni nchi nzuri. Ina Mkuu mmoja, bendera moja, na bomba moja la maji kwa kila mitaa mitatu.

Nchi yetu inapenda watoto kuliko nchi zote za jirani. Ili jambo hilo lisibishaniwe, serikali ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Kitabu Bora cha Picha cha Watoto. Kila mwaka wachoraji hupeleka vitabu vyao kwa Jopo la Waamuzi. Waamuzi ni wazee saba, wasomi sana, ambao kwa sababu ya usomi wao hawajakaa na mtoto miaka mingi. Kazi yao ni kutafuta makosa. Kila mmoja ana kalamu nyekundu, na neno lolote linalotia shaka hupigiwa mstari. Mwaka ule kitabu kimoja kilisema mbuzi "alikula akashiba". Waamuzi wakauliza kama mwandishi anadai kuna wengine ambao hawakushiba. Kingine kilisema "jua likachwa". Wakauliza: kwa amri ya nani?

Mjukuu wangu Semeni alipeleka kitabu kisichokuwa na neno hata moja. Ni picha tupu, kurasa ishirini na nne, mtaa wetu tangu kunapambazuka mpaka watu wanapoanika nguo, wanapogombana, wanapopatana. Jopo lilikisoma siku tatu na halikupata pa kupiga mstari. Kikawa kitabu cha kwanza katika historia ya tuzo kisichokuwa na kosa. Kikashinda.

Picha zenyewe hawakuzitazama. Mwenyekiti wa jopo, Profesa Kihengu, baadaye aliapa kwa maandishi: "Sisi ni jopo la kusoma. Picha haisomwi."

*

Sherehe ilifanyika katika Ukumbi wa Furaha, na kila aliyeingia alipekuliwa mara mbili. Nilikaa safu ya nyuma nimempakata kitukuu changu Chiku, binti wa Semeni, mwenye miaka mitano. Mama mmoja wa usalama alimpa Chiku pipi, halafu akatazama huku na huku kama mtu aliyeiba. Nilimwona, nikamwombea dua.

Waziri wa Watoto, Picha na Mengineyo alisimama akahutubia.

"Ndugu wananchi! Picha ni dirisha la taifa! Na dirisha, kama mjuavyo, sharti liwe na pazia! Na pazia hilo ni nani? Ni serikali yenu tukufu!"

Tukapiga makofi mpaka kengele ya kuacha makofi ilipolia.

Hapo ndipo Mkuu alipoingia. Sharti nieleze jambo moja kwa msomaji wa mbali. Kwetu hakuna ruhusa ya kusimama nyuma ya Mkuu. Nyuma yake kuna ukuta, na akitembea, ukuta wa mbao hubebwa na watu wanne wakimfuata, nao hawaoni kitu ila mbao. Na mtu akiagana na Mkuu hutoka kinyumenyume, asije akampa kisogo. Basi kwa miaka thelathini hakuna aliyeuona mgongo wa Mkuu, na Mkuu naye hajauona mgongo wa binadamu yeyote.

Mkuu alimvika Semeni nishani shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Akachukua kitabu. Akafunua, akafunua, akafika ukurasa wa kumi na moja. Akatulia. Akainamisha kichwa, akasogeza kitabu karibu, akauliza:

"Huyu nani?"

Semeni alifungua mdomo, lakini Mkuu alikuwa ameshakirudisha kitabu, na ukuta wake ukamfuata nje.

Hayo tu. Maneno mawili. Lakini siku ile ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwangu.

*

Ukurasa wa kumi na moja unaonyesha foleni ya maji pale bombani. Watu wengi na ndoo zao, wote wanatazama mbele, kwa kuwa bomba hukatika ghafla na kila mtu anataka kuwahi. Kando ya foleni, karibu na mtazamaji, mwanamume amechutama. Ametupa mgongo. Shati lake ni jeupe, na nyuma ya bega la kulia limeshonwa kwa uzi wa buluu. Mbele yake amekaa mtoto, mguu wake uko gotini kwa yule bwana, naye anamtoa mwiba. Ndoo ya yule bwana iko peke yake pembeni, na kwenye foleni pengo lake limeshazibwa. Basi. Picha imekwisha.

Kesho yake asubuhi gari jeusi lilisimama mlangoni. Akashuka Waziri, akashuka Profesa Kihengu, na nyuma yao afisa mmoja mwembamba aliyeitwa Hoza, aliyebeba mafaili. Maafisa wa kwetu huvaa koti jeusi siku zote, jua liwake mvua inyeshe, na mtu akishakuwa ndani ya koti lile hakuna anayehangaika kumtazama uso.

Hoza peke yake ndiye aliyeamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni viti."

Waziri aliketi. Jogoo wangu akapita, Waziri akamtazama, na adhuhuri jogoo akawa kwenye sahani. Walijiita tume, na tume haifanyi kazi na njaa. Wakati anachinjwa, mahojiano yalikuwa yanaendelea.

"Swali la Mkuu," alisema Waziri, "sasa ni Agizo la Mkuu. Huyu nani?"

"Simjui, Mheshimiwa," Semeni akajibu. "Nilikuwa mbali, kwenye mkia wa foleni. Nilimwona mgongo."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wangu."

"Mtu amshike mtoto wako mguu nawe usimjue?"

"Nilipofika alikuwa ameshakwenda kupanga foleni upya, na foleni ilikuwa ndefu. Watu wote wanafanana wakiwa wamebeba ndoo."

Profesa aliinua kalamu yake nyekundu. "Ngoja. Unataka tume iamini kwamba mtu mzima aliacha nafasi yake kwenye foleni ya maji, kwa hiari yake, kwa ajili ya mtoto asiye wake?"

"Ndiyo, Profesa."

"Haiwezekani kitaalamu."

"Labda alitaka kura," Waziri akasema.

"Hakuna uchaguzi, Mheshimiwa," Hoza akasema polepole.

"Ndipo pabaya zaidi! Anataka kura na uchaguzi haupo! Andika hilo."

Hoza akaandika.

"Na kwa nini ametupa kisogo?" Profesa akauliza. "Anakimbia nini? Anatuficha nini?"

"Alikuwa anatoa mwiba," Semeni akasema.

Nikaona niseme neno. "Mheshimiwa, mtoto mwenyewe alimwona uso. Yuko shule ya chekechea, anarudi saa saba. Muulizeni."

Profesa alinitazama kwa huruma. "Mama, mtoto hana kitambulisho cha taifa. Ushahidi wa asiye na kitambulisho ni kelele."

Semeni hawakuweza kumshtaki, kwani nishani shingoni alivishwa na Mkuu, na Mkuu hakosei. Kwa hiyo hawakumkamata; walimhifadhi. Alipelekwa kwenye Nyumba ya Washindi, chumba chenye pazia zuri na mlango unaofungwa kwa nje, nishani yake shingoni. Tume ilipewa siku thelathini, hadi Siku ya Mkuu. Akijulikana mwenye mgongo, Semeni atatoka. Asipojulikana, mikono ya Semeni itapumzishwa kuchora kwa miaka kumi.

"Mikono inapumzishwaje?" nikauliza.

"Kuna mifuko maalumu," Waziri akasema, akajifuta mchuzi wa jogoo. "Inashonewa kwenye viganja. Haiumi sana."

Hoza alikuwa ametazama sakafu. Walipokuwa wanatoka alibaki nyuma kidogo, akaokota penseli ya Semeni iliyoangukia chini ya kiti. Akaitia mfukoni. Baadaye Semeni aliniambia kwamba jioni ile aliikuta ndani ya mkate wake.

*

Kitabu kilikuwa kimeshashinda, hivyo kilikuwa lazima kigawiwe shuleni. Vilevile kilikuwa kinachunguzwa, hivyo kilikuwa lazima kisionekane. Wizara ikapata ufumbuzi: ukurasa wa kumi na moja ugundishwe na wa kumi. Walimu walikesha wiki nzima na gundi ya unga. Lakini karatasi za nchi yetu ni nyembamba. Watoto hawakuhangaika kubandua. Walikiinua kitabu juani, na mgongo ukaonekana, ukiwa na jua ndani yake. Chiku aliniambia ulipendeza zaidi hivyo.

Kisha watu wazima wakaanza kuogopa. Mtaani kulitangazwa kwa kipaza sauti kwamba anatafutwa mtu aliyemsaidia mtoto bila kutumwa, na kwamba hadi sasa haijulikani nia yake ni nini. Watu ni waelewa. Kesho yake wanaume walianza kupanga foleni kwenye ofisi ya mtaa kuandikisha viapo: "Mimi fulani bin fulani sijawahi kumtoa mwiba mtoto yeyote, wangu wala wa jirani, na nikiona mwiba huwa naupita." Kiapo kilipigwa muhuri. Wengine walikitundika ukutani karibu na picha ya Mkuu.

Mama mmoja aliteleza sokoni, nyanya zake zikatawanyika. Watu wakatazama juu, wakatazama chini, wakapita. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Nilipoinama kuokota nyanya, mama mwenyewe akaninong'oneza, "Bibi, niache, tafadhali, tutaandikwa wote wawili."

Wema ukawa kama magendo. Watu walikuwa bado wanautenda, sisemi waliacha, lakini kwa kificho. Tangu Semeni aondoke, kila asubuhi nilikuta ndoo ya maji imejaa mlangoni pangu, imefunikwa kwa sahani. Aliyeileta sikumwona. Nami kwa adabu sikuchungulia. Lakini niseme kweli: nilianza kushuku hata ndoo. Nilijiuliza, je, kama ni mtego? Je, wanataka kuona kama nitayanywa? Nilikaa na maji yale mpaka saa nne, nikiyatazama, na kiu yangu. Hivyo ndivyo nchi inavyomfanya mzee wa miaka sabini na mitatu aogope maji.

*

Siku ya kumi na tano tume ikaamuru Ukaguzi wa Migongo. Wanaume wote wa mitaa yetu mitatu waliitwa uwanja wa mpira, wakapangwa mstari, wakageuzwa, wakavuliwa mashati. Wake zao walikalishwa jukwaani kama mashahidi. Hoza alipita nyuma ya mstari na daftari, akilinganisha kila mgongo na picha, na Waziri akapiga kelele chini ya mwavuli.

"Mwenye mume hapa asimame amtambue! Wewe mama, huu mgongo unaujua?"

Aliyeulizwa alikuwa Mama Shida, jirani yangu, mwenye sauti kama filimbi ya refa.

"Nisiujue? Ndio anaonipa kila nikimwambia akateke maji!"

Jukwaa likaangua kicheko.

"Mume wako anaweza kumtoa mtoto mwiba?"

"Huyu? Mheshimiwa, huyu akichomwa mwiba yeye mwenyewe anasubiri nimwone!"

"Mwanamke, unanidhalilisha mbele ya tume," mumewe akanung'unika bila kugeuka.

"Nakuokoa, mjinga wewe. Nyamaza uokolewe."

Kila mwanamume aliamriwa achutame na kujifanya anatoa mwiba kwenye mguu wa mwanasesere. Ilikuwa aibu kutazama. Mmoja alimshika mwanasesere kama jembe. Mwingine alifumba macho. Watu ambao nimewaona mimi mwenyewe wakiwabembeleza watoto wao wagonjwa, siku ile walishika mguu wa mpira kana kwamba mikono yao ni ya kuazima. Hakuna aliyetaka kufanya vizuri.

Jioni Hoza alitangaza migongo mia nne na kumi na miwili, hakuna uliolingana. Alipotangaza sauti yake ilikauka. Nilidhani ni vumbi.

*

Kila asubuhi ya kazi Hoza alikuja kuniuliza maswali yaleyale, nami nikimjibu yaleyale, kisha akinywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Akiona kuni zimelowa alizigeuza juani kwa mguu, akijifanya amejikwaa. Nilimshuku kwa hilo pia. Nikajiambia, huyu ametumwa anilainishe.

Siku ya ishirini na sita ilikuwa Jumamosi, na joto lilikuwa kali. Hata hivyo Hoza alikuja, kwa kuwa siku za tume zilikuwa zinakwisha, jasho likimtiririka. Nikamwambia, "Mwanangu, vua koti. Hapa hakuna serikali, kuna mimi tu."

Alisita. Akatazama mlangoni. Akavua, akalitundika, akageuka kuvua viatu.

Chiku alikuwa nyumbani, hakuna shule Jumamosi. Alikuwa sakafuni anachora kwa mkaa. Akainua kichwa, akasema kama mtu anayesema mvua imeanza:

"Bibi, wa mwiba amekuja."

Hoza alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi. Nyuma ya bega la kulia, kwenye shati jeupe, palikuwa na mishono tisa ya uzi wa buluu. Nilikuwa nimeshazoea kuihesabu kwenye picha.

Chiku alirudi kwenye mkaa wake.

"Geuka, mwanangu," nikasema mwishoni.

Akageuka. Uso wake ulikuwa umekwisha.

"Hukumtambua mtoto?" nikamuuliza.

"Niliutazama mguu, Bibi. Uso sikuutazama. Ulikuwa mwiba mrefu."

"Na ulijua lini?"

"Watoto niliowatoa miiba ni wengi, na picha haikuniambia kitu. Mtu hajui mgongo wake. Shati nilimpa fundi, nikavaa, sikuangalia nyuma." Akaligusa bega. "Siku ya uwanjani niliangalia migongo mia nne na kumi na miwili. Nikakuta katika mitaa yetu mitatu umebaki mmoja haujakaguliwa. Nilikwenda nyumbani nikavua shati, nikaligeuza."

"Leo siku ya kumi na moja tangu uwanjani."

"Najua."

"Siku kumi na moja mjukuu wangu yuko ndani, nawe unakunywa chai yangu."

Hakujitetea. "Niliogopa, Bibi. Afisa aliyeacha foleni. Afisa aliyechutama. Unajua wanaita nini hiyo? Serikali imepiga magoti."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilitaka kutoka nje nipige kelele mpaka Mama Shida asikie, maana Mama Shida akisikia, Waziri amesikia. Zilikuwa zimebaki siku nne. Niliifikiria mikono ya Semeni, ambayo mimi ndiye niliyeifundisha kushika kijiti na kuchora kuku mavumbini. Halafu nikamtazama huyu bwana amesimama na kiatu mkononi, nikakumbuka kwamba yote haya yalimpata kwa sababu mtoto wangu alikuwa analia na yeye hakuweza kupita.

"Sikutaji," nikamwambia. "Nikikutaja mimi, nitakuwa nimekulipa mwiba kwa mkuki. Lakini nawe usinifanye nikuchukie. Kamalizie chai yako uende ukafikiri."

Alivaa koti, akasahau kunywa chai.

Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja. Jumanne ofisi ya mtaa ikasema haijulikani aliko. Moyo ukaniambia amekwisha vuka mpaka, na mimi na huruma yangu ndio tuliomshonea Semeni mifuko.

*

Siku ya Mkuu ilifika. Ukumbi wa Furaha ulijaa. Mkuu mwenyewe hakuja. Ukuta wake tu ndio uliomwakilisha, umesimamishwa jukwaani na kuwekewa maua. Semeni aliletwa na nishani yake. Kwenye meza ndogo niliona mifuko miwili ya turubai na sindano ya kushonea magunia. Nilimtazama mikono. Ilikuwa imetulia kuliko yangu.

Profesa alisoma taarifa ya tume, kurasa mia na sita, iliyosema kwamba mwenye mgongo hajulikani, na kwamba huenda hana uso.

"Basi," akasema Waziri, "kwa masikitiko, na kwa mapenzi tuliyo nayo kwa watoto..."

"Mheshimiwa," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Alikuwa Hoza. Hakuwa na koti. Alipita katikati ya viti akiwa na shati jeupe, akapanda jukwaani. Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona kwetu tangu nizaliwe: mbele ya ukuta wa Mkuu, mbele ya Waziri, aligeuka akawapa mgongo, akachutama chini. Akakaa hivyohivyo.

Waziri alichukua kitabu, akabandua gundi kwa kucha. Akatazama picha, akatazama bega. Akatazama picha.

"Ndiye," Profesa akanong'ona.

"Kimya!" Waziri akasema. Jasho lilimtoka. Nilimwona akifikiri, na kufikiri kwa Waziri wa kwetu ni kitu unachokiona kwa macho, kama mtu anayepandisha kabati ngazini. Mkuu ameuliza swali. Je, Mkuu alipoteza maneno yake mawili kwa ajili ya karani? Nani atakwenda kumwambia? Na kama karani ana huruma, je, Mkuu hana? Akapanda, akapanda, akafika.

"Ndugu wananchi! Tume imefanikiwa! Mgongo huu umetambuliwa! Mgongo huu ni wa Mkuu!"

Mtu mmoja akauliza kwa woga, "Mkuu alipanga foleni ya maji?"

"Mkuu yuko kwenye kila foleni!"

"Na uzi wa buluu?"

"Ni rangi ya bendera!"

"Sasa mbona yeye mwenyewe aliuliza huyu nani?"

"Kwa unyenyekevu!" Waziri akanguruma. "Nani kati yenu anaujua mgongo wake? Mkuu ni mtu kama ninyi, ila zaidi!"

Kengele ya makofi ikalia. Semeni akaachiwa palepale, maana amemchora Mkuu akitenda wema, na kosa gani hilo? Nilimshika mikono yote miwili nikaibusu, kidole kimoja kimoja, na sikujali nani anaandika. Mifuko ya turubai ikaondolewa mezani.

Hoza alikuwa bado amechutama. Walipomkumbuka, alisomewa shtaka: kuvaa mgongo wa Mkuu bila kibali. Kwa kuwa alijileta mwenyewe alihurumiwa. Hukumu: asionyeshe mgongo wake hadharani maisha yake yote.

*

Sasa Hoza hana kazi wala koti. Anatembea mtaani akijibanza ukutani, ubavu kwa ubavu, kama kaa. Mgambo mmoja amewekwa mtaani kwetu kumwangalia asigeuke. Dukani anaingia kiubavu vilevile. Watu hawamcheki. Wala hawamsemeshi sana. Wanaogopa, na mimi siwalaumu.

Shida ilikuwa bomba. Bomba letu liko peupe, foleni mbele yake, maduka nyuma yake. Akiinama akitazama foleni, maduka yanamwona mgongo. Akitazama maduka, foleni inamwona. Na mgambo anakaa juu ya tofali akinoa kalamu yake. Jumapili mbili Hoza alikuja na ndoo, akasimama, akazunguka bomba, akarudi nayo kavu.

Jumapili ya tatu mimi na Semeni tulikuwa kwenye foleni. Hoza alikuja tena, akajibanza kwenye ukuta wa mwisho, akaitazama ile nafasi ya wazi kama mto wenye mamba. Mama Shida alikuwa wa kwanza bombani. Aliitoa ndoo yake ingawa haijajaa. Akaweka mkono kiunoni, akageukia upande wa pili.

"Jamani," akasema kwa sauti yake ileile, "hebu oneni kule!"

Hakuna kitu kule. Ni paa la ghala tu. Lakini foleni yote iligeuka, mmoja mmoja, bila kuambiwa tena. Mume wa Mama Shida akageuka. Wenye maduka waliacha mizani zao, wakageukia ndani kupanga makopo. Mama wa nyanya akageuka. Semeni alikuwa na penseli kwenye nywele. Mkono wake ulikwenda kichwani, ukafika, ukashuka, ukanishika mimi. Tukageuka. Kwetu kumpa mtu kisogo ni tusi, na siku ile alipewa visogo sitini.

Nyuma yetu nikasikia hatua, kisha maji yakipiga chini ya ndoo tupu.

Mgambo akainuka kwenye tofali lake. "Nyie! Mnatazama nini huko?"

"Wingu," Mama Shida akajibu.

"Wingu gani?"

"La mvua, baba. Lile pale. Hulioni?"

"Liko wapi?"

"Sogea huku. Huwezi kuliona ukiwa umesimama hapo. Hebu fuata kidole changu."

Mgambo alikuja, akasimama kati yetu, mgongo kwa bomba, akakunja uso, akaanza kulitafuta wingu. Kila mtu akamwelekeza kwa adabu, kushoto kidogo, hapana, juu ya paa, sasa kulia. Alikuwa mvumilivu sana, yule mgambo. Alilitafuta mpaka ndoo ikajaa.